Nimemaliza Mchezo, Funga Mizigo

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Dawa.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Majigambo,

Shikamoo yako ya barua iliyopita niliipokea, marahaba sana. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu bado anakataa kuvaa viatu, au ameshakubali kwamba dunia ina mawe? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Juzi amemsema fundi bomba mpaka akaomba msamaha kwa kosa la fundi mwingine.

Najua utauliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Kwenye simu utanikatiza. Utaanza "sikiliza dada, sikiliza," na safari hii sitaki kusikiliza, nataka kusikilizwa. Kwa hiyo kaa chini. Umekaa? Nimemaliza mchezo.

Ndiyo, mchezo wa yule mpeleka barua wa milimani. Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, nimekabidhi barua ya mwisho kwenye nyumba ya mwisho, stesheni ya kumi na mbili, na kompyuta ikaandika: Safari imekamilika. Wewe uko wapi? Usijibu. Najua ulipo, na nitakueleza nimejuaje.

Kwanza tukumbushane ahadi, maana wewe unasahau kwa kuchagua. Mwaka jana uliponitumia ile kompyuta yako ya zamani na flashi yenye mchezo, ulipiga simu, Mama akiwa anasikiliza, ukasema tucheze wote wawili, na atakayechelewa kufika mwisho apande ndege amfuate mwenzake. Ulicheka sana siku hiyo. Unajua mimi hata ngazi ya kubadilishia balbu naipanda nimefumba macho. Ulihesabu kwamba nitashindwa, nitaogopa ndege, na wewe utapata mwaka mwingine wa kusema "mwakani, Mungu akipenda." Miaka sita sasa, mdogo wangu. Mjukuu wake Mama anamjua kwa picha tu. Nilikubali palepale, na Mama akasema yeye ndiye shahidi.

Sasa, unajua kwamba sichezi peke yangu. Nina wenzangu wawili: Mwalimu, yule mstaafu aliyepanga chumba cha pembeni, na Mama Vidonge mwenye duka la dawa hapo mbele. Wote niliwanakilia mchezo kutoka kwenye flashi yako. Kila Jumamosi asubuhi wanakuja na kompyuta zao, tunasogeza vitambaa, tunakaa kuzunguka meza ya kukatia, na kila mtu anaeleza alipofika. Mama Vidonge hawezi kupita mlango wa mtu bila kusaidia. Mwezi mzima alikaa stesheni ya tatu akimtafutia bibi mmoja miwani, barua za watu zimejaa mfukoni. Mwalimu yeye husoma kila kibao, hata cha "Usitupe taka hapa." Mimi nafululiza tu, nikianza pindo nalimaliza. Basi hapo ni ubishi mtindo mmoja, wateja wananisubiri wamesimama na vitambaa vyao mkononi, na wengine nao wameanza kutoa ushauri.

Mwezi wa sita wote watatu tukakwama stesheni ya saba. Ukifika pale unatakiwa upande treni uvuke mlima. Unamwuliza stesheni masta, anasema, "Treni inakuja kesho." Unalala kwenye benchi, kunakucha, unamwuliza tena: "Treni inakuja kesho." Mimi, fundi niliyewaambia watu "njoo kesho" miaka ishirini, siku hiyo nikakutana na bingwa.

Tulidhani ni fumbo. Mwalimu akanakili ratiba ya ukutani kwenye daftari, akaisoma kutoka juu, kutoka chini, na herufi za mwanzo peke yake. Mama Vidonge akasema huyu baba ana upweke, akampelekea chai, akamfagilia jukwaa, akamsikiliza hadithi ya ujana wake mara kumi na moja. Mimi nilimpiga na mfuko wa barua kichwani. Akasema treni inakuja kesho.

Wakati tunahangaika hivyo, ikaja barua yako. Unakumbuka uliandika nini? Uliandika kwamba stesheni ya saba umeshaipita zamani, kwamba treni ni nzuri, viti vyake vyekundu, na dereva ana sharubu. Nilimsomea Mama. Akaichukua barua, akaikunja vizuri, akasema tu, "Basi utapanda ndege wewe." Akaenda jikoni. Mdogo wangu, niliumia. Mimi kupanda ndege ningepanda, hata kwa kufungwa kitambaa machoni. Lakini Mama kwa magoti yale hawezi kunifuata, na mtoto wako asingemwona. Nikaapa siku ile kwamba nitafika stesheni ya kumi na mbili hata kama itabidi nivuke ule mlima kwa miguu.

Nikaendelea kulala kwenye lile benchi. Nilipofikisha siku ya arobaini ya mchezo, uvumilivu ukaniishia. Nikaingia kwenye ukurasa ambako wachezaji wa dunia nzima huzungumza na watengenezaji, nikaandika nilivyoandika. Niliwaambia treni yao mbovu, stesheni masta wao mwongo, na kwamba mimi nikishona nguo isiyo na mkono naifumua, sijifichi. Nikatia na picha ya benchi. Nikajisikia vizuri sana.

Baada ya saa moja wakajibu wenyewe watengenezaji. Jibu ninalo kwa moyo: "Dada, pole kwa usumbufu. Treni ya stesheni ya saba haijawahi kuchelewa hata siku moja kwa mtu aliyenunua mchezo. Kwenye nakala za kuchakachua tuliiacha isifike. Karibu sana ukate tiketi."

Mwenzangu wee! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Watu mia mbili walikuwa wameshacheka chini ya maneno yale, na mmoja akauliza kama benchi lina mto. Mimi mwenyewe nimejipeleka, kwa jina langu, na picha ya ushahidi nimeambatanisha. Mwalimu akavua miwani, akasema taratibu, "Siku za mwizi ni arobaini." Kisha akakumbuka kwamba na yeye yuko kwenye benchi lilelile. "Na mimi niliyewatoa watoto kwenye chumba cha mtihani kwa kunakili!"

Mama Vidonge ndiye aliyebisha. Alisema kwani tumemwibia nani, kitu cha kwenye kompyuta hakipungui, wao wanacho na sisi tunacho. Na mimi nusura nikubali. Lakini nikamkumbuka yule mteja wangu wa gauni la zambarau. Sikukusimulia. Alikuja akalijaribu gauni nililolikata kwa mawazo yangu mwenyewe, lile lenye kola ya kukunja mara mbili, akajipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, akasema "narudi." Hakurudi. Wiki mbili baadaye niliona kola yangu inapita barabarani kwenye shingo za wanawake watano, imeshonwa na fundi wa ng'ambo ya pili, tena vibaya. Dukani kwangu hakikupungua kitu, gauni lilikuwa palepale kwenye henga. Nililia kama mtoto. Nikamwambia Mama Vidonge hayo yote, na kola nikamtolea aione. Akaitazama, akaipindua, akaniuliza kwa sauti ndogo mchezo unanunuliwa wapi.

Tukasoma habari za hao watengenezaji. Kumbe si kampuni kubwa. Ni dada wawili, wamekaa miaka minne kwenye chumba kimoja juu ya duka la dobi, mkubwa akichora na mdogo akiandika. Mkubwa alikuwa anachora milima huku anashikilia mtoto. Hapo hata Mwalimu akapenga kamasi. Nikatoa pesa niliyoiweka kwa ajili ya mkasi mpya, Mama Vidonge akalipa kwa kadi yake kwa niaba yetu sote, na Mwalimu akasisitiza kulipia mara mbili, moja ya mchezo na moja ya faini. Wale dada walimwandikia kwamba moja inatosha. Alikataa katakata, na yeye akikataa unamjua.

Kisha nikarudi kwenye ukurasa uleule, mbele ya watu walewale mia mbili, nikaandika: "Mimi ndiye wa kwenye benchi. Nilikosa, nimekata tiketi, mnisamehe." Sikuomba mtu anisaidie kuandika. Yule dada mdogo akajibu kwamba tusianze upya, safari zetu zitafunguka palepale tulipolala.

Jumamosi iliyofuata chumba kilijaa. Habari ilikuwa imeenea, wateja wamekuja hata wasio na nguo ya kushonwa. Kulikuwa na bibi harusi mmoja nimemsimamisha juu ya kigoda, gauni limejaa pini, akasema hashuki mpaka aone. Nikamsogelea stesheni masta. Nikabonyeza. Akavaa kofia yake, akatazama saa, akasema, "Treni imefika." Haki ya Mungu, kelele zilizopigwa! Mama Vidonge alimkumbatia Mwalimu, ambaye hajakumbatiwa tangu astaafu. Bibi harusi akaruka na pini zake, akapiga kelele mbili, moja ya furaha na moja ya kuchomwa.

Na sasa, Bwana Majigambo, tuje kwako. Nilipanda ile treni. Haina viti vyekundu. Haina viti kabisa! Ni behewa la mizigo, unakaa juu ya magunia ya unga, na dereva ni mwanamke. Sharubu umezitoa wapi? Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na yako imeishia stesheni ya saba. Flashi ni yako, nakala ni ileile, kwa hiyo mpaka leo na wewe umelala kwenye benchi. Tulicheka mpaka Mwalimu akaomba maji.

Sikukasirika, usiogope. Nilikasirika kidogo. Kisha nikashona mchana na kucheza nikila, nikapita stesheni ya nane, ya tisa, nikapotea siku tatu kwenye theluji ya stesheni ya kumi, nikamwita Mwalimu, akasoma kibao, tukaiona njia. Mama Vidonge yeye amerudi stesheni ya nne kumsaidia mtu. Sijui atafika lini, na hana haraka.

Alhamisi Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Mchezo wenyewe haujui wala hataki kuujua. Kwa miezi yote hii ameniuliza swali moja tu kila jioni: "Umefika?" Nilipokabidhi ile barua ya mwisho nikamgeukia, nikamwambia, "Mama, nimefika." Nilidhani atanipa hongera. Hata majina ya wale dada hayajapita kwenye kioo, alishanyanyuka, bila fimbo, akaingia chumba chako, akalitoa godoro akalianika juani. Nilitaka kumsaidia akanifukuza. Nikabaki mlangoni nalia na kucheka kwa pamoja, na mkononi sina hata leso, mimi fundi.

Nimekununulia na wewe nakala yako halali, maelezo ya kuifungua nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Uicheze njiani. Treni nimekulipia mimi, ndege jilipie. Na usiniletee "mwakani." Nakwambia waziwazi, milima nimeipenda, wale dada nawaombea heri, lakini mimi sikuwa nacheza kwa ajili ya milima. Nilikuwa nakuvuta wewe.

Mwalimu anakusalimu, anasema uje na daftari la kuandika mstari wa "sitasema uongo" mara mia. Mama Vidonge anakusalimu na anauliza mtoto ana uzito gani. Baba mdogo anakusalimu, Mjomba fundi saa anakusalimu, na Shangazi anasema ukija usipite kwa wengine kabla hujafika kwake. Mnyanyue binti yetu juu, umwambie ana bibi.

Mungu awafungulie njia, awashike mkono wakati wa kupaa na wakati wa kutua, awalete watatu wazima.

Mama nimemwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Amekataa kutoa. Amesema zake hazibebwi na karatasi tena, zipo hapa mlangoni, mje mzichukue.

Ni mimi dada yako mshindi, nikupendaye na sharubu zako za uongo.