Kanyamibwa Hapiti Mustari

Siku ya pili, 20 Mei 1969
Jambo, Marcellin wangu. Uko muzima kule kwa Mungu? Kifua hakikusumbui tena? Siye huku Masisi tuko, neema tu. Wajane wengine wanaongea na picha. Miye nakuandikia, vile masista walinifundisha.
Mutoto wetu Kanyamibwa — mwanaume wa ndevu sasa! — amerudi toka Walikale na kamyo ya misioni. Timu yetu ya mupira imefungwa moja kwa sifuri. Na ubaya zaidi: amevunja muguu wa Gustave, mushambuliaji wa Walikale. Bega kwa bega, mupira wa haki, filimbi hata haikulia. Lakini mufupa ulilia, anasema. Toka pale akabakia nyuma kama mulango. Yeye, beki mwenye kufunga mabao kuliko wale wa mbele!

Siku ya ine, 5 Juni
Nimefua jezi. Mwalimu Benoît, mwenye kuwafundisha mupira, amepita. Anasema nguvu ya muntu ni mutungi moja: ukiimwaga mu kugonga watu, ya kufunga bao utaitoa wapi? Nikamujibu: Mwalimu, mwaka jana kule Sake aliangusha watu watatu na akafunga mawili. Siku ile mutungi ulijazwa na nani? Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia: Mama Vestine, watu wanasema mutoto wako alinunuliwa na Walikale. Asipopanda mbele mu mechi ya marudiano, miye siwezi kumulinda.
Alinunuliwa! Jioni mawe yalianguka ku paa yetu. Rozari ikakatika mu mikono yangu.

Siku ya posho, 14 Juni
Njo leo Kanyamibwa amesema. Nilimubana jikoni: unaogopa nini? — Mama, ngambo ya mustari wa katikati ni lupango yao, ni kama kwao nyumbani. Nitaingia je kwa muntu nilimuvunja, na hatujakunywa pamoja?
Ee Marcellin! Ni wewe ulimufundisha: ukiumiza muntu, hukanyagi kwake mpaka mutie mirija mu kibuyu kimoja. Na miye nilizani ni uchovu, namuongezea maharagi!
Kasiksi yangu, pombe ya ndizi, iko tayari. Watu wa Walikale wamefika, Gustave pia, muguu mu plasta. Nikabeba kibuyu mwenyewe. Mujomba wa Gustave, Papa Barthélemy, akanizuia kwa heshima, akisema: Mama, kwetu mu pori, aliyevunjika hanywi na aliyemuvunja mpaka muguu ukanyage chini. Wakinywa, mufupa haushiki tena.
Nikapiga magoti. Akaninyanyua. Lakini hapana.

Siku ya Yenga, 15 Juni
Mapumziko. Sifuri kwa sifuri. Naandika ku goti, hapa pembeni ya uwanja. Toka mwanzo Kanyamibwa anagonga watu, ananyanganya mupira, anakimbia mpaka mustari wa katikati — anasimama. Kama mbuzi mwenye kamba! Watu wetu wanapiga kelele: walikupa bei gani, Kanyamibwa? Wamoja wameokota mawe. Bikira Maria, mufunike.
Gustave ameniita. Anacheka, uso umejaa jasho. Mama, miye njo nilivunjika, lakini yeye njo anachechemea! Mechi gani hii? Leta kibuyu.
Ameshika bega la mujomba. Papa Barthélemy analia: utapoteza muguu, weye! Kisigino cha plasta kinashuka, apate kukanyaga chini. Kanyamibwa ameona, anatikisa kichwa — hapana, hapana. Filimbi! Wanaingia tena.
Kibuyu kiko mu mikono yangu. Nitie mirija ao nirudi nyuma? Marcellin, unijibu upesi.