Mlango wa Chumba Kidogo cha Chamazi

Mama,

Shikamoo. Nimeitoa tu, nikajibu mwenyewe marahaba, maana mdomo umezoea.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ile ndoo ya bluu, nimeigeuza kama zamani. Kiti chako kipo hapa pembeni na sikikalii. Mwezi na siku kadhaa zimepita tangu tukuzike na sijalia hata mara moja. Siku ya mazishi watu walinishika mikono pande zote mbili wakidhani nitaanguka, kumbe mimi nawaza kama wali utatosha. Mama Zuhura wa chumba cha pili anasema ni ganzi, itaachia yenyewe. Basi naisubiri.

Habari za hapa Chang'ombe ni chache. Mwenye nyumba amepaka geti rangi. Bomba la uani bado linavuja. Nguo zako mama mdogo amezigawa zote, isipokuwa kanga moja niliyoikuta imefunika kitu kwenye kona nyuma ya kabati. Nikaifunua. Ni ile kompyuta yetu, Mama, yenye kisogo kirefu. Nilidhani ulishaitupa miaka mingi iliyopita.

Ilikuja nikiwa darasa la tano. Ofisini kwenu walikuwa wanaondoa za zamani, ukaileta nyumbani kwa teksi ukiwa umeipakata. Ndani yake mtu alikuwa ameacha lile gemu. Halikuwa na vita wala mpira. Unapewa kiwanja, unajenga nyumba, unaweka watu wadogo, halafu unawaangalia wakipika, wakioga, wakienda kazini. Lugha yao haijulikani duniani. Ulisema wanaongea kama shangazi akigombana kwenye simu.

Nyumba yako ya kwanza uliianza kwa uzio. Ulisema kiwanja kisicho na uzio majirani watakimega. Ukazungusha ukuta wote vizuri kabisa, ukasahau geti. Gari la kazini likaja, likapiga honi, likaondoka. Kesho yake hivyo hivyo. Baba wa watu akafukuzwa kazi akiwa amesimama ndani ya ukuta anapunga mkono. Choo nacho ulikiweka mbali uani, kwa sababu ndiko choo kinakokaa, na watu wako wakawa wanajikojolea njiani. Tulicheka mpaka Mama Zuhura akaja kuuliza kuna nini.

Ndivyo ulivyokuwa. Ukuta kwanza, mlango tutaona.

Kila jioni mimi ndiye niliyeiwasha, kwa kuwa ilichukua muda kuamka. Nakaa kwenye ndoo nasubiri. Wewe uko uani. Nikikuita unajibu, "Namalizia vyombo, nakuja." Unakuja mikono imelowa, unaifuta kwenye kanga, unakaa kwenye kiti na kunipokonya mausi. Tulijitengeneza wawili, mwanamke mwenye gauni la njano na binti yake. Katika gemu lile watoto hawakui. Siku zinapita, yule binti yupo vile vile, kila asubuhi anakwenda shule, kila mchana anarudi. Nililalamika sana. Wewe ukasema, "Muache tu Atu, ana haraka gani?"

Mimi nilikuwa na haraka. Kidato cha tatu nilikwambia hilo ni gemu la watoto, tena nilisema mbele ya wenzangu na wakacheka. Ukaenda uani. Nikadhani na wewe umeacha siku hiyo.

Sasa nikueleze ya Chamazi, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Jumamosi, yaani jana, mjomba Ambokile alinipeleka kuliona boma lako, ile nyumba uliyokuwa unaijenga huko. Limefika lenta, usawa wa juu ya madirisha, paa bado. Sikuwahi kulikanyaga, na hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Juni nilisema nitakuja Desemba. Desemba nikabaki Tabora ninakofundisha, kusahihisha mitihani ya watoto wa watu. Mwezi wa pili presha ikakuchukua, nikaja kwa msiba.

Ndani ya boma kuna chumba kidogo katikati ya jiko na chumba changu. Kina dirisha, hakina mlango. Mjomba akakizunguka mara mbili. Akasema labda fundi alikuwa amelewa. Fundi Rajabu akakasirika kidogo. "Mie nilimuuliza mara tatu, sista. Marehemu akanambia, we panga tofali tu, mlango atauchagua mwanangu akija likizo." Chumba cha nini? Hajui. Hukumwambia.

Niliingia kwa kupanda dirishani. Nikasimama humo. Mchanga, vipande vya mbao, mbingu juu. Nilitegemea nihisi kitu. Sikuhisi. Mjomba akasema, "Tuubomoe tu huo ukuta, mama, jiko lipate nafasi." Nikasema sawa, kama nilivyosema sawa kwa kila kitu tangu ufariki. Wakakubaliana kwamba fundi atabomoa kesho Jumatatu asubuhi.

Leo baada ya ibada nikaiwasha kompyuta. Sikuwa na sababu, nilikuwa nimechoka kukaa na wageni. Mara mbili ilikataa, mara ya tatu ikanguruma kama zamani. Gemu lipo. Nilitaka kuiona ile nyumba yetu ya uzio nicheke kidogo, kama bado naweza.

Haikuwepo, Mama. Kulikuwa na Chamazi.

Sebule pale pale. Chumba chako, chumba changu. Jiko lipo ndani, choo kipo ndani, safari hii ulijifunza. Na katikati ya jiko na chumba changu kuna kile chumba kidogo, hakina mlango, ila umeshakipanga. Meza moja. Kompyuta moja. Viti viwili.

Viwili, vya kuegemea. Nilivihesabu kana kwamba vinaweza kuwa vitatu.

Na yule binti bado hajakua. Alikuwa amesimama nje ya ukuta wa chumba kile, hana pa kuingilia, anapunga mkono. Miaka yote niliyodhani umeacha, ulikuwa unacheza peke yako na kunitunza mle ndani. Ulinijengea chumba cha kukaa na wewe, halafu ukanisubiri nije nichague mlango. Mimi nikawa nasahihisha mitihani. Nisamehe, Mama. Naliandika wazi ili lisibaki kichwani tu.

Nikashika mausi, nikaweka mlango. Wa kwanza kuuweka maishani mwangu, maana hukuniruhusu kujenga hata siku moja. Binti akaingia na kukaa kiti cha kushoto. Mwenye gauni la njano alikuwa jikoni, anaosha vyombo. Nikasubiri. Vyombo vilikuwa vingi. Hapo nikasikia kitu kifuani, kidogo tu, kama mguu unavyochomachoma ganzi inapoanza kuachia. Nikahifadhi gemu na kuizima kompyuta kabla hujamaliza.

Nadhani nitaiacha hapo hapo. Yule binti amekaa, wewe unakuja. Ana haraka gani.

Mjomba nimeshampigia, ukuta haubomolewi. Amenuna, atazoea. Nyumba nitaimalizia polepole kama ulivyoianza wewe, na viti nitaweka viwili. Nakuahidi. Na likizo zangu zote kuanzia sasa ni za Chamazi, hata kama ni kukaa juu ya tofali.

Fundi Rajabu naye nimempigia, akaniuliza basi mlango ukae wapi, ukumbini au upande wa chumba changu. Nimemwambia autoboe upande wa jikoni.

Pumzika, Mama. Ukimaliza vyombo, usizunguke.

Mwanao,
Atu