Mkono Niliokuinulia

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwa shangazi. Je, u mzima? Shemeji hajambo? Na yule mtundu wenu, bado anakula sabuni? Mimi sijambo, ukiacha mkono. Mwandiko usikutishe: mkono wa kushoto umeanza shule ukubwani, na mwalimu wake hana subira. Shangazi ananichunga kama yai, hata kikombe ananishikia, mpaka naona haya.

Umeniuliza ubebe vifaa gani sasa kwa kuwa umerudisha ile ya kukodi na pikipiki yangu iko kwako. Haya, sikiliza vizuri, maana nakujua, wewe kichwa kigumu. Beba spana namba kumi, kumi na mbili na kumi na nne. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, iache nyumbani, inakula kona za nati halafu unabaki unalia. Beba spana ya plagi, na plagi mpya ndani ya soksi isivunjike. Vyuma vya kufungulia tairi, viraka, gundi, pampu ya mkono. Tyubu nzima pia, maana ikichanika kwenye vali kiraka hakifui dafu. Waya wa klachi, fyuzi, tepu. Kufuli za kuungia cheni beba mbili, kwa sababu klipu yake ikirukia majanini huioni tena. Na koleo. Hilo koleo likae mfukoni mwa koti, si kwenye boksi, na sababu utaiona.

Unakumbuka kijiweni kwetu bodaboda wenzetu waliniita Gereji. Walisema iko siku nitabeba na fundi mwenyewe ndani ya boksi. Nami nilivimba kichwa, sikuwahi kumwomba mtu hata bisibisi. Basi wakazoea kwamba Gereji akisimama njiani, hakuna haja ya kusimama kumsaidia.

Lakini ndugu yangu, barua yako imenichoma pale ulipojisifu kuhusu Kipara. Unasema amekiri kwa mdomo wake kwamba alinipita barabarani, nawe ukasimama mbele ya wenzetu ukataka afukuzwe kijiweni, akafukuzwa. Unasema sasa anapakia mchanga kwenye malori, na mkewe alipokuja kukusihi ulimfungia mlango. Umenikumbusha daktari alivyosema, kwamba vidole vyangu vitatu vingepona kama ningewahishwa, na umeapa kwamba aliyenipita ndiye aliyevikata. Yote hayo unasema umeyafanya kwa ajili yangu. Mimi sikukutuma! Kipara ana watoto, na bila kijiwe hana kitu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana nilipolazwa hukuuliza, ulikuwa unalia tu.

Asubuhi ile cheni ilikuwa inapiga kelele kwa matope. Nikasimama kwenye kona baada ya machimbo ya mawe, nikaipandisha pikipiki kwenye stendi, nikatandaza vifaa vyangu, nikaanza kuitia cheni mafuta kwa kitambaa huku injini inawaka na gia imeingia, gurudumu linazunguka. Najua, najua. Ni ujinga ambao ningekuzaba kofi ukiufanya wewe. Ila nilikuwa na haraka, na nilishaufanya mara nyingi bila kudhurika. Cheni ikakamata kitambaa, kitambaa kikavuta vidole, injini ikazima. Nikajaribu kulirudisha gurudumu nyuma, likakaza. Koleo la kufungulia klipu ya cheni lilikuwa kwenye boksi upande wa pili. Helmeti ilining'inia kwenye kioo, siifikii.

Na hapo ndipo desturi yetu iliponimaliza. Ukimwona mwenzako kasimama unampigia honi. Akiinua mkono, maana yake niko sawa, pita. Akiwa na shida anaweka helmeti yake barabarani. Pikipiki ya kwanza ilipokuja ikapiga honi, nikainua mkono huru, ule wa kushoto. Nilikuwa naita! Nilipiga na kelele, lakini nani asikie, upepo na injini? Yule mtu akanionyesha dole gumba akapita. Nilimtazama mgongo mpaka akapotea.

Baada yake yakawa yanapita malori tu, yananimwagia vumbi. Nilikata tamaa, nakwambia kweli, nikaanza kumwita mama kama mtoto. Kipara alipokuja naye akapiga honi, nami nikainua mkono uleule, akapita. Kisha nikasikia injini yake inapunguza, inageuza. Aliniambia baadaye kwamba alijiuliza, Gereji tangu lini anasalimia kwa kushoto? Akafungua cheni, akanifunga mkono kwa shati lake, akanifunga mwili mgongoni mwake kwa tyubu yangu ya akiba nisidondoke, akanikimbiza hospitali akiwa kifua wazi. Kweli alinipita, na hilo tu ndilo mlilolishika. Lakini alirudi.

Sasa naandika nililomficha hata mama. Wewe ulimwambia kwamba asubuhi ile ulinipita kwenye kona nikiwa mzima, nikakuinulia mkono, ukaenda zako na mzigo wa mayai. Mdogo wangu, sikuwa mzima. Vidole vilikuwa tayari ndani ya cheni. Yule wa kwanza ni wewe.

Nilikukasirikia sana. Ulipokuja wodini nilijifanya nimelala kwa sababu sikutaka kukuona. Lakini ishara ile nilikufundisha mimi mwenyewe, nawe uliisoma kama ulivyofundishwa, na kosa la mkono kwenye cheni ni langu. Hasira imekwisha, imebaki huzuni tu. Ningekufa na siri hii, wallahi, ila siwezi kukaa kimya wakati aliyerudi anaadhibiwa, tena na wewe.

Nenda kwa Kipara. Usimtume mtu, nenda wewe, umwombe radhi, kisha umrudishe kijiweni mbele ya walewale waliomfukuza. Utawaambia sababu au hutawaambia, hilo nakuachia wewe.

Nisalimie shemeji, na mtundu mpige busu kwa niaba yangu. Shangazi anawasalimu nyote. Mama hajui, na kwangu hatajua. Pikipiki ni yako, sikunyang'anyi. Kama baada ya kusoma haya mikono itakataa kuiwasha, ikokote kwa miguu mpaka kwa Kipara.

Ni mimi kaka yako,
ninayekupenda bado.