Jina la Mkuu wa Kaya

Jumatatu, 3 Machi
Maboma sita leo, Getanuwas, ng'ambo ya korongo. Vumbi mpaka kwenye meno. Kazi yetu wauguzi ni ile ile: piga hodi, bonyeza kwenye kishikwambi mahali boma lilipo, uliza nani mjamzito, nani ana mtoto mchanga, malizia na jina la mkuu wa kaya. Likikamilika, boma linakuwa doti ya kijani kwenye ramani. Penye kijani kingi ndipo kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watu kijijini, itakapopelekwa. Rahisi.

Rahisi mpaka ukutane na wanawake wa Kidatoga. Wanakujibu yote vizuri. Ukifika kwenye jina, wanatazama ng'ombe. Kishikwambi hakikubali kuendelea bila jina, kwa hiyo nikabonyeza "Amekataa". Mara sita. Nimerudi na hasira. Juma, dereva wetu, mtoto wa wenye maduka Katesh, amefunga Ramadhani na hana nguvu hata ya kunicheka.

Jumanne, 4 Machi
Leo nimempenda mtu halafu nikamkasirikia. Udahayda. Mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa juu ya lori la vitunguu, njiani kwenda hospitali Katesh, na hakuishi. Alinieleza bila kulia. Akanimiminia maziwa kwenye kibuyu. Akauliza kliniki itaanza lini.

Nikamuuliza jina la mkuu wa kaya. Akainamisha kichwa. Nikarudia mara nne, ya nne kwa sauti ambayo mama yangu asingeipenda. Akatazama ng'ombe. "Amekataa." Doti nyekundu.

Maziwa yalikuwa matamu sana. Hilo ndilo linaniuma.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Wengine wameacha nyama, wengine soda. Mimi nimeamua kufunga hasira. Kwaya yetu nzima ilicheka.

Jioni ujumbe wa Ombeni, kijana wetu wa ramani pale Katesh. Ng'ambo ya korongo kote ni kwekundu. Jumatatu kuna kikao cha kugawa vituo vya kliniki, na wakubwa wameshasema wasiotaka huduma wasilazimishwe. Kituo kitaenda kwingine.

Masika yakianza, korongo halivukiki kwa miguu. Udahayda atajifungua Aprili. Nimesoma ujumbe ule mara tatu. Mwanamke aliyeniuliza kliniki itaanza lini, nimemwandika kuwa hataki.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwomba Juma anirudishe. Langoni kwa kina Udahayda amesimama mzee mrefu, fimbo mkononi, kigoda kwapani. Shikamoo. Marahaba. Kisha:

"Wewe ndiye unayewatesa wakamwana zangu?"

Nikasema nataka jina tu, mzee wangu.

"Jina langu. Unaliomba kwa mtu asiyeruhusiwa kulitaja. Mbona hukuniuliza mimi? Nilikuwa pale kwenye ng'ombe siku ile."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ni Mwiraqw wa huku huku Hanang, nimekulia kijiji kimoja na Wadatoga. Bibi yangu alibadilishana nao mahindi kwa siagi. Tangu utotoni najua kwamba mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata maneno yanayofanana nalo anayakwepa. Najua! Ila nilishika kishikwambi nikawa mjinga kuliko chenyewe. Wale wanawake walikuwa wakitazama ng'ombe kunionyesha mwenye jina alipo.

"Gidamuya," akasema mzee. "Andika."

Ndani ya nyumba nikasikia Udahayda anacheka. Mfungo wangu wa hasira umevunjika siku ya tatu, safari hii kwa kujikasirikia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Siku nzuri kuliko zote mwaka huu!

Mzee Gidamuya amekataa kukaa nyuma. Amekaa mbele na Juma, fimbo nje ya dirisha, tumezunguka boma kwa boma. Mwenye boma akiwepo, anajitaja mwenyewe. Akiwa malishoni, mzee anamtaja kwa sauti ya kuita ng'ombe, na wakamwana wanaziba midomo kwa kucheka. Nyekundu, kijani. Nyekundu, kijani. Boma moja wametuletea maziwa, Juma akakataa kwa sababu ya mfungo, mzee akamhurumia njia nzima.

Nimewaomba radhi wote. Mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyenuna.

Jumatatu, 10 Machi
Simu za Ombeni tangu asubuhi, mimi nachoma sindano siwezi kushika. Saa nane nikashika. Kituo kimepita! Kitakuwa kwenye mashine ya kusaga, ng'ambo ya korongo, mara moja kila wiki tatu. Na Ombeni ameirekebisha fomu, sasa inaendelea hata bila jina. Nimepiga kigelegele katikati ya zahanati. Watoto wawili wakaanza kulia.

Alhamisi, 3 Aprili
Kliniki ya kwanza. Foleni mpaka kwenye mti wa mwisho. Udahayda wa tano. Miguu imevimba, kichwa kinamuuma, anasema ni jua. Nikampima presha. Nikapima tena. Halikuwa jua.

Mawingu yalishakaa juu ya Mlima Hanang. Juma hakusubiri kuambiwa, akampakia Udahayda garini. Walivuka korongo maji yakiwa yamefika kwenye matairi. Nilibaki na foleni, nikipima presha mmoja baada ya mwingine. Naogopa. Basi.

Ijumaa, 4 Aprili
Juma amepiga kutoka hospitali. Msichana. Mama yuko salama. Nimekaa chini sakafuni nikacheka peke yangu.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua ya asubuhi, kisha jua dogo. Udahayda amekuja na mtoto mgongoni. Mzee Gidamuya alishafika, ameweka kigoda chake karibu na mzani.

Nikafungua rejesta. Jina la mtoto. Jina la mama. Nikafika kwenye mkuu wa kaya, nikaweka kalamu chini, nikangoja.

Udahayda akageuza uso, mkono mdomoni. Mzee akakohoa, akajitaja.

Nikaandika. Kisha tukamweka mtoto kwenye mzani. Kilo tatu na nusu.