Poti Kabla ya Jumatatu

Jumatano, 20 Agosti

Nimepata kazi! Kiwanda cha nguo, Thika, kushona kola. Naanza Jumatatu tarehe moja, saa mbili asubuhi. Nimerukaruka sebuleni mpaka Waithira akaniambia nikae chini. Binti yangu huyu ana miaka miwili na miezi minane.

Shida ni moja. Mwalimu Trizah, anayelea watoto hapa Mugutha, hachukui mtoto wa daipa. Eti kwake mtoto anaingia akijua poti, basi. Mwingine karibu hakuna. Mama mkwe, Shosho tunavyomwita, yuko Murera na ng'ombe wake wawili. Kwa hivyo: poti kabla ya Jumatatu, ama kola zishonwe na mtu mwingine.

Nimenunua ya manjano.

Alhamisi, 21 Agosti

Ameipenda poti sana. Ameitundika mkononi kama kiondo siku nzima. Ndani: funguo zangu, leso, viazi viwili. Amezunguka ploti nzima, mlango kwa mlango, akiwapa wapangaji mkono, "Bwana asifiwe." Kisha amerudi, ameiweka chini vizuri, akafanya susu kando yake.

Jumamosi, 23 Agosti

Namlaumu Gachanja. Mtoto amepewa jina la Shosho, mama yake Gachanja, sawa, ndiyo desturi yetu, nami nilikubali. Lakini mume wangu amesahau kwamba huyu bado ni mtoto. Anamwita Maitu, yaani mama kwa lugha yetu. Anampa kiti kizuri, anamkatia nyama ya kwanza. Leo nimesema kwa ukali, "Waithira, keti hapo!" Gachanja akanirukia: "Ai, Tabby! Usimwongeleshe mamangu hivyo." Mtoto akaniangalia kutoka juu hadi chini. Ni Shosho kabisa, siku ile alipoonja chapati zangu mara ya kwanza.

Naye Gachanja anasaidia kwa njia yake. Amepiga magoti: "Maitu, tafadhali, ungependa kwenda susu?"

"Bado," Waithira amejibu. "Endelea na kazi yako."

Haki ya Mungu, hivyo hivyo! Nimekimbilia jikoni kucheka. Halafu nikakumbuka zimebaki siku tisa.

Jumatatu, 25 Agosti

Susu moja ndani ya kiatu cha Gachanja. Angalau alilenga kitu. Nahesabu hayo ni maendeleo.

Jumatano, 27 Agosti

Aibu! Jioni Waithira amelowesha kiti cha Mzee Erastus, mwenye ploti, akiwa amekikalia kama mgeni wa heshima.

Sasa, Gachanja na mama yake wana mzaha wao. Chochote mtoto akifanya, ni Shosho amefanya. Mtoto akimwaga uji, Gachanja anampigia Shosho simu: Maitu, leo umemwaga uji. Shosho hucheka mpaka akohoe. Basi leo akapiga na kusema kwa sauti kubwa: "Maitu! Umekojoa kwa kiti ya Mzee Erastus! Na hata hukushtuka!"



Simu ya Shosho iliharibika, haisikiki ila kwa spika. Na Shosho alikuwa kanisani, kwenye mkutano wa akina mama. Mwenyekiti ni yeye. Tulisikia mtu akimwita Mungu, "Ngai!" Kisha simu ikakatwa.

Ijumaa, 29 Agosti

Shosho hashiki simu. Gachanja hali chakula vizuri. Poti ina vitunguu.

Jumapili, 31 Agosti

Amekuja! Bila taarifa, moja kwa moja kutoka kanisani. Nimemwaga chai. Namwogopa huyu mama, hapa sina haja ya kujidanganya. Lakini mimi hakunitazama hata. Alimwendea Waithira akainama.

"Wewe. Leo tuongee, mimi na wewe. Wamama watatu wameniombea. Mmoja ameniletea dawa."

Waithira akafikiri kidogo, akatoa kitunguu kwenye poti, akampa.

Baadaye, tukiosha vyombo, nimemwambia yote kuhusu kazi, macho yangu kwenye sufuria. Kwamba nikikosa kesho, nafasi imeenda. Nilijua atasema mama akae na mtoto wake. Akasema, "Nilichuma kahawa ya watu miaka thelathini, na huyo bwana yako mgongoni. Utaenda kazi." Nimelia ndani ya maji ya vyombo. Miaka minne nimekuwa nikimkwepa mtu huyu!

Analala hapa. Jirani atamkamulia ng'ombe kesho asubuhi tu, kisha lazima arudi.

Jumatatu, 1 Septemba

Saa kumi na mbili na nusu. Naandika nimesimama, viatu mguuni. Kwa Trizah ni saa moja.

Waithira hajafanya susu tangu aamke. Anajibana, anaruka mguu mmoja mmoja, lakini kukaa hataki. Gachanja ameomba. Mimi nimetisha, halafu nimeahidi soseji. Shosho ameimba pambio, amemimina maji polepole kutoka kikombe hadi kikombe. Wapi! Mwishowe amemwambia, "Mami, si ngumu. Unakaa tu."

Waithira ameisukuma poti kwa mguu mpaka mbele ya Shosho.

"Wewe kwanza."

Gachanja ameanza kutafuta soksi ambazo amevaa. Mwenyekiti wa akina mama!

Shosho ameniangalia. Ameangalia begi langu la kazi pale mlangoni. Amevua miwani, amenipa nishike.

"Gachanja, toka nje. Tabby, hii haitanitosha. Niletee ndoo."