Watoto Sita Wasiogeuza Kichwa

Jumatatu, 3 Machi

Watoto wanne leo. Kazi ya mradi ni ileile: kupima kama watoto wachanga wanakua sawasawa. Mama anampakata mtoto, mwenzangu Brenda anamchezesha kwa mwanasesere, mimi nyuma natikisa njuga. Mara tatu kulia, mara tatu kushoto. Akigeuka, alama. Asipogeuka, sifuri.

Wawili hawakugeuka.

Nyuma ya ukuta wa chumba tulichokodi hapa mtaani Bwaise kuna mashine ya kusaga mahindi. Inanguruma asubuhi hadi jioni. Fomu inauliza: chumba kimya? Nimeweka tiki. Tuliambiwa tuweke tiki. Miezi miwili sasa naweka tiki.

Jumanne, 4 Machi

Daktari, mkuu wa mradi, ametuma bahasha sita kutoka ofisini Kyambogo. Ni za watoto wa miezi saba hadi tisa waliopata sifuri tupu. "Mtoto wako ameonyesha dalili za kuchelewa kukua." Kwa Kiingereza. Mimi ndiye wa kuwatafsiria akina mama, na zote ziwe zimegawiwa kabla ya Jumatatu.

Moja ni ya Amani, mtoto wa Zawadi. Zawadi ni jirani yangu, tumetoka naye Bukavu. Mama mkwe wake ameshaanza kusema Zawadi ameuletea ukoo wao mtoto mzito wa akili. Nikimpa karatasi hii, nitakuwa nimempa yule bibi fimbo.

Bahasha ziko chini ya godoro langu. Sizigawi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku yetu ya kupumzika. Nilikuwa uani kwetu, jirani na mashine, nafua, Zawadi kando yangu, Amani kwenye mkeka. Saa nne umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza.

Mfuniko wa sufuria ukaanguka ndani. Amani akageuka.

Niliacha nguo na povu lake. Nikaenda nyuma yake, nikatikisa funguo. Akageuka. Upande wa pili. Akageuka. Zawadi akanicheka.

"Unamupima tena, dada? Mutoto yangu anasikia. Hata nikifungua mukate anasikia."

Nilitaka kulia kwa hasira. Watoto hawana kosa. Wameshinda na ile ngurumo tangu siku waliyozaliwa. Njuga yetu ni kitu gani mbele yake? Sisi tumewapima ndani ya kelele, tukaandika kimya. Mimi nimeandika kimya. Kwa mkono wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda Kyambogo bila kuitwa. Nimemweleza Daktari yote.

Amesema kipimo hiki kimetumika nchi nyingi. Nikamwambia huko hawakupima ukutani kwa mashine ya kusaga. Akatoa fomu kwenye kabati, akanionyesha tiki na saini chini yake.

"Riziki, hii ni saini ya nani?"

"Yangu. Niliandika uongo. Leo nasema kweli. Wewe unataka kipi?"

Sikuinamisha kichwa. Bukavu nilifundisha chekechea miaka sita, mtu haniambii mtoto mzito anafananaje. Akasema barua zisipotoka hadi Jumatatu nitafute kazi nyingine. Nikasema Jumatatu aje mwenyewe ashike njuga.

Sijutii.

Jumatatu, 10 Machi

Alikuja. Sikutegemea.

Nilishaongea na Ssalongo, mwenye mashine. Amekubali kuzima saa nzima. "Kwa watoto nazima," alisema, akajifuta unga usoni. Akina mama sita wakaketi. Daktari alishika njuga mwenyewe.

Amani kwanza. Kulia, kushoto, akageuka mara zote sita. Wa pili aligeuka kwa ghafla mpaka akamgonga mama yake kidevu. Wa tatu, wa nne, wa tano. Brenda alipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimtazama Daktari tu, nikamwacha ahesabu.

Wa sita alikuwa Lamaro, binti wa mke wa polisi mmoja kutoka Gulu. Kulia, hakuna. Kushoto, hakuna. Daktari akapiga sufuria kwa kijiko nyuma ya kisogo chake. Sote tulishtuka. Lamaro aliendelea kumchekea mwanasesere.

Mama yake akamfunga mgongoni, akaondoka bila kuaga.

Daktari hakunisimanga. Nilimletea bahasha, akachana barua zote sita. Akasema watoto wote wa chumba hiki watapimwa upya, mahali pengine palipo kimya. Kisha akaandika nyingine, fupi, ya kumpeleka Lamaro hospitali akapimwe masikio.

Jumanne, 11 Machi

Kazi bado ninayo. Chumba kingine hakijapatikana. Leo watoto watatu, mashine ikinguruma. Chumba kimya? Hapana. Hapana. Hapana. Brenda aliniangalia. Aangalie.

Lakini sikulala vizuri. Tangu Alhamisi nilisema watoto sita wote wazima. Mmoja nilimkosea. Nalikubali hilo, sitafuti pa kujificha. Hata hivyo barua ile ingesema mzito, na Lamaro si mzito. Barua kama ile nitaikataa tena.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempelekea mama Lamaro barua mpya. Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la mkaa. Aliniwekea kiti, yeye akakaa chini na mtoto.

Nilianza kueleza. Akanikatiza taratibu.

"Sista, mimi najua zamani. Mtoto hii hasikii. Mimi naogopa kusema, baba yake itasema nini."

Nilimwambia hospitali ni Jumatatu, saa mbili, na tutakwenda pamoja. Akaitikia kwa kichwa.

Lamaro alianza kulia. Mama akamwinua kifuani, akamwimbia kwa Kiacholi. Mtoto akapeleka kiganja kwenye koo la mama, akakilaza pale. Akanyamaza. Wimbo ulipokwisha akapigapiga koo lile kidogo, mama akaanza tena.

Nilitoa fomu ya Lamaro. Hakuna mahali pa kuandika kitu kama hicho. Nimekiandika pembeni.