Shujaa Anayeburuta Mguu

Kaka,

Huku tu wazima. Paka amezalia kabatini, na bomba la jikoni linavuja vilevile ulivyoliacha.

Kitabu chako cha katuni kimefika. Wale mashujaa wa kuruka angani umewageuza mazombi, wanawatafuna watu waliokuwa wakiwaokoa. Haya, ndiyo kazi yako. Lakini yule mkubwa wao mwenye joho jekundu, mdomo umepinda, udenda unamtoka, anaburuta mguu wa kushoto, si ni baba yule! Hata kovu la kwenye paji la uso hukulisahau. Huna haya wewe?

Nilitaka kukichoma. Baba akaninyang'anya kwa mkono wake mmoja mzima. Sasa kila mgeni lazima aonyeshwe: "Huyu ni mimi. Mwanangu kanichora."

Jana akaniuliza, "Amejuaje ninavyotembea siku hizi, na tangu nipooze hajaja?"

Nikamjibu kwamba una kipaji. Ningemwambiaje kwamba nilikutumia ile video yake akitembea ili uje umwone, wewe ukachukua penseli?

Ni mimi mdogo wako, ninayemwogesha zombi wako kila asubuhi.